MAISHA YA MEJA ARMSTRONG, MVUMBUZI WA REDIO

Mhariri wa gazeti letu la muhula ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa, ambaye vijana wetu wanaweza kupata mafunzo kutoka kwake. Wafalme, majemadari na wasafiri wa zamani wamekwisha kuandikwa mara nyingi katika kurasa hizi, kwa hiyo nimeona afadhali nimwandike mtu ambaye wahandisi wa dunia nzima wanamjua, na ambaye kazi yake imo katika karibu kila nyumba ya wilaya yetu, tangu Kiwira mpaka Masoko, tangu Katumba mpaka Mwakaleli, ingawa wenye nyumba hizo hawajapata kulisikia jina lake. Mtu huyo ni Edwin Howard Armstrong wa Marekani.

Tena ninayo sababu ya pili. Mimi hufundisha fizikia, na kila msimu wa mvua mwanafunzi mmoja au wawili huniuliza swali lile lile: mbona radi ikipiga upande wa Mlima Rungwe, redio ya mawimbi ya kati hulia kama bisi zinazokaangwa, lakini redio ya FM hutulia kama kwamba hakuna lililotokea? Hapa Tukuyu, ambapo mvua ni nyingi kuliko karibu mahali pengine pote katika Tanzania, swali hilo si la mchezo. Jibu lake ni maisha ya bwana huyu.

Armstrong alizaliwa katika mji wa New York tarehe 18 Desemba, 1890. Baba yake alifanya kazi ya kuuza vitabu, na mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu wa shule. Alipokuwa mtoto mdogo alishikwa na ugonjwa uliomfanya atetemeke mwili bila kutaka, akakosa shule kwa muda wa miaka miwili, akasomea nyumbani. Ugonjwa ukapona, lakini bega lake likaendelea kushtuka-shtuka maisha yake yote, hasa akiwa na mashaka. Mwaka 1902 wazazi wake wakahamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson. Huko, akiwa kijana wa miaka 13 au 14, alisoma habari za Marconi, yule Mwitaliano aliyepeleka habari kwa simu isiyo na waya, akaamua moyoni mwake kwamba yeye naye atakuwa mvumbuzi. Kijana huyu hakuishia kusema tu. Alikifanya chumba cha darini kuwa maabara yake, na mwaka 1910 akasimamisha uani mlingoti wa antena uliofika mita 38 kwenda juu, akiupanda mwenyewe bila hofu. Kupanda mahali pa juu kulikuwa furaha yake mpaka utu uzima.

Aliingia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akisomea uhandisi wa umeme, akienda na kurudi kwa pikipiki aliyopewa na baba yake. Wakati ule mvumbuzi mwingine, Lee de Forest, alikuwa amekwisha kutengeneza, mwaka 1906, taa ya kioo yenye vipande vitatu vya chuma ndani yake, ambayo sisi twaiita valvu. Valvu hiyo iliweza kupokea mawimbi ya redio, lakini watu hawakuelewa vema jinsi inavyofanya kazi, na sauti yake ilikuwa hafifu. Armstrong aliichunguza kwa subira, akipima na kupima tena, mpaka mwaka 1912 akagundua jambo kubwa. Alichukua sehemu ya nguvu inayotoka katika valvu akairudisha mlangoni, ikaingia tena na kukuzwa tena, ikatoka na kurudi, mara nyingi sana katika nukta moja ya saa.

Ninyi mliopata kumsukuma mtoto katika bembea mtaelewa. Ukimsukuma kidogo kila anaporudi, na ukamsukuma kwa wakati wake, bembea huenda juu zaidi na zaidi ingawa nguvu zako ni kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa valvu ya Armstrong. Sauti zilizokuwa hazisikiki zikasikika, na vituo vya ng'ambo ya bahari vikaja wazi masikioni. Tena akaona jambo la pili. Nguvu inayorudishwa ikizidi kipimo fulani, valvu huacha kupokea, huanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Kwa hiyo chombo kile kile kilikuwa na hali mbili za kazi: chini ya kipimo ni kipokezi, juu ya kipimo ni kipeleka mawimbi. Yote yalitegemea mkono unaotawala nguvu. Wanafunzi wangu waliokwisha kusoma umeme walishike neno hili, kwa maana nitalirudia.

Kijana yule alitaka kuandikisha uvumbuzi wake serikalini apate hataza, yaani haki ya mvumbuzi, lakini hakuwa na fedha, na baba yake alimtaka amalize masomo kwanza. Akauza pikipiki yake, na bado fedha hazikutosha. Ndipo tarehe 31 Januari, 1913, akaenda kwa ofisa wa viapo, akapigiwa mhuri na tarehe juu ya mchoro wake. Maombi yenyewe yalipelekwa mwezi wa Oktoba mwaka huo, na hataza akapewa mwaka 1914. Lakini Lee de Forest akatokea akidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuliona jambo hilo. Hapo ikaanza kesi ambayo ilidumu karibu miaka 20.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Marekani mwaka 1917, Armstrong aliingia jeshini katika kikosi cha mawasiliano, akapelekwa Paris, na baadaye akapata cheo cha meja. Huko mwaka 1918 alifanya uvumbuzi wake wa pili, uitwao superhetirodaini. Jina ni gumu lakini maana yake si ngumu. Mawimbi yenye mitetemo mingi mno ni taabu kuyakuza vizuri. Basi redio hutengeneza ndani yake wimbi lake yenyewe, ikalichanganya na lile linalotoka kituoni, na tofauti ya mitetemo ya mawimbi hayo mawili ndiyo inayokuzwa. Tuchukue mfano. Kituo cha FM kina mitetemo milioni 100 kwa nukta. Redio hutengeneza wimbi la milioni 110.7, tofauti ni milioni 10.7. Ukigeuza kwenda kituo cha milioni 90, redio hutengeneza milioni 100.7, na tofauti ni milioni 10.7 vile vile. Kwa hiyo fundi hahitaji kutengeneza vikuza sauti vya kila kituo, bali kimoja tu cha kipimo hicho. Ni kama sokoni, ambako viazi vikija kwa gunia, kwa kapu au kwa tenga, vyote hupimwa kwa debe moja. Wazungu wengine, Lévy wa Ufaransa na Schottky wa Ujerumani, nao walikuwa wamelikaribia jambo hili wakati ule ule, lakini Armstrong ndiye aliyelifanya kuwa chombo cha kutumika. Tangu siku hizo mpaka leo, sehemu kubwa ya redio za ulimwengu hutumia njia hii.

Uvumbuzi wa tatu ulikuja mwaka 1922. Mtakumbuka nilisema kwamba valvu ikizidishiwa nguvu huvuka mpaka na kuanza kutoa mawimbi. Armstrong aliona kwamba pale mpakani ndipo valvu inapokuza sauti kupita kiasi. Akabuni njia ya kuiacha valvu ivuke mpaka, kisha kuizima mara moja kabla haijaharibu kazi, kisha kuiacha tena, na hivyo hivyo maelfu ya mara kwa nukta. Valvu moja ikafanya kazi ya valvu nyingi, kwa umeme kidogo. Kampuni kubwa ya redio ya Marekani, RCA, ilinunua haki hiyo kwa dola 200,000 na hisa 60,000. Armstrong akawa tajiri. Tarehe 1 Desemba, 1923, akamwoa Bibi Marion MacInnis, aliyekuwa karani wa David Sarnoff, mkuu wa kampuni hiyo, na zawadi yake kwa mkewe ilikuwa redio ya superhetirodaini ya kwanza iliyoweza kuchukuliwa safarini.

Laiti habari ingaliishia hapo, ingalikuwa ya furaha tupu. Lakini ile kesi ya de Forest iliendelea. Armstrong alishinda katika mahakama nyingine na kushindwa katika nyingine, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa de Forest ushindi mara mbili, mwaka 1928 na mwaka 1934. Wahandisi wengi waliona kwamba majaji hawakuielewa sayansi yenyewe. Chama cha Wahandisi wa Redio kilikuwa kimekwisha kumpa Armstrong nishani yake ya heshima mwaka 1917 kwa ajili ya uvumbuzi ule ule. Basi baada ya hukumu ya mwaka 1934 alikwenda kwenye mkutano wa chama ili airudishe nishani, kwa kuwa sheria sasa ilisema kazi si yake. Wakuu wa chama wakakataa kuipokea, na watu wote ukumbini wakasimama wakampigia makofi. Kwangu mimi hilo ni jambo zuri kupita yote katika maisha yake. Alikuwa tayari kurudisha heshima asiyostahili mbele ya sheria, na wenzake waliomjua wakakataa kumnyang'anya.

Wakati huo huo alikuwa amekwisha kuumaliza uvumbuzi wake mkubwa kuliko wote, na hapa sasa nalijibu swali la radi. Redio za zamani hupeleka sauti kwa kuongeza na kupunguza ukubwa wa wimbi. Radi nayo hutoa mawimbi yanayoongeza na kupunguza ukubwa, na redio haiwezi kutambua lipi ni neno la mtangazaji na lipi ni kelele za mbingu. Wataalamu walijaribu miaka mingi kuichuja kelele hiyo, wakashindwa. Armstrong akaiacha njia ile kabisa. Yeye aliuacha ukubwa wa wimbi bila kuubadili, akabadili wingi wa mitetemo yake. Fikirini mpiga ngoma katika nyumba ya bati wakati mvua inanyesha. Akiwapa habari kwa kupiga kwa nguvu au polepole, mvua itawapotezea habari yote. Lakini akiwapa habari kwa kupiga haraka haraka au kwa nafasi, sikio laweza kuhesabu mapigo hata mvua ikizidi. Hiyo ndiyo FM. Hataza zake alipewa tarehe 26 Desemba, 1933. Mwaka 1934 alifanya majaribio kutoka juu ya jumba la Empire State, lililokuwa refu kuliko majumba yote duniani, na mwezi wa Novemba mwaka 1935 akawaonyesha wahandisi mjini New York. Walisikia maji yakimiminwa katika bilauri na karatasi ikikunjwa, kama kwamba vitu hivyo vimo chumbani mwao.

Mtu angedhani kwamba RCA ingefurahi. Sivyo. Kampuni ilikuwa na fedha nyingi katika redio za namna ya zamani, na ilikuwa ikiiandaa televisheni. Mwaka 1935 ikamtaka Armstrong aondoe mitambo yake katika Empire State. Hakukata tamaa. Kwa fedha zake mwenyewe alijenga kituo huko Alpine, katika jimbo la New Jersey, chenye mnara mrefu ambao umesimama hata leo. Kampuni nyingine zikakubali kumlipa asilimia 2 ya mauzo ya redio zao za FM. Mwaka 1940 RCA ikataka kumpa dola 1,000,000 mara moja, bila kumlipa zaidi baadaye. Akakataa, kwa sababu kuikubalia RCA masharti mepesi kungekuwa dhuluma kwa wale waliokubali kulipa asilimia. Vita vya Pili vilipoingia Marekani, aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia FM bila malipo.

Baada ya vita mambo yakazidi kumwendea vibaya. Mwaka 1945 serikali ikaihamisha FM kutoka katika mitetemo ya milioni 42 hadi 50 ikaipeleka katika milioni 88 hadi 108, ambapo ipo hata leo. Kwa amri hiyo mamia ya maelfu ya redio zilizokwisha kununuliwa zikawa hazifai. Tena televisheni za RCA zilitumia FM kwa sauti, lakini kampuni haikumlipa. Mwaka 1948 akaishtaki. Mawakili wa kampuni wakaivuta kesi mwaka baada ya mwaka, wakimhoji siku nyingi, na huku hataza zake zikafika mwisho wa muda wake mwaka 1950. Mali yake ikapungua. Bega likazidi kushtuka. Mwaka 1953 alikosana vibaya na mkewe, na Bibi Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Tarehe 31 Januari, 1954, akiwa peke yake nyumbani New York, Meja Armstrong alimwandikia mkewe barua ya kumwomba radhi, kisha akajitoa uhai. Ilikuwa miaka 41 kamili tangu siku ile alipopigiwa mhuri mchoro wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 63.

Bibi Marion hakuiacha kazi. Mwisho wa mwaka ule ule RCA ilipatana naye kwa malipo yaliyozidi kidogo dola 1,000,000. Kisha akaendelea kuzidai kampuni nyingine moja moja, na mwaka 1967 akaishinda ya mwisho. Mvumbuzi alikuwa amelala kaburini miaka 13.

Mwaka ule wa 1954, miezi michache baada ya msiba, ilitoka Marekani redio ya kwanza ya mfukoni yenye transista. Ilikuwa na transista 4 tu, nayo ilikuwa superhetirodaini. Wazee wetu wanajua maana ya jambo hilo. Redio za valvu zilikula betri kama moto unavyokula nyasi kavu, kwa kuwa ndani ya kila valvu kuna waya unaopaswa kuwa moto muda wote wa kazi. Kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, na betri yake kubwa ilidumu saa 300 hivi. Kwa siku zile lilikuwa jambo la kusifiwa.

Leo redio nzima imo katika kipande kidogo kuliko ukucha, kiitwacho chipu, na ndani ya chipu nyingi mna debe lile lile la Armstrong: wimbi la ndani, mchanganyiko na tofauti. Lakini chipu ina akili ya kutawala nguvu zake. Ikiwa kazini, sehemu zote huwaka. Ikiambiwa ingoje, huzima vikuza sauti na kile kitengeneza wimbi, ikabaki na kumbukumbu tu ya kituo ulichokuwa ukisikiliza, na umeme inaokula ni kidogo sana. Kituo kikiwa karibu na nguvu zake nyingi, hujipunguzia ukuzaji. Kikiwa mbali, hujiongezea. Chipu zinazopokea habari fupi fupi, kama za funguo za magari na vipima mvua, hulala muda mwingi na kuamka kidogo kusikiliza kama zinaitwa.

Wanafunzi wafanye hesabu hii. Betri ya miliampia-saa 2,000, na kipokezi kinachokula miliampia 20, hudumu saa 100. Kipokezi hicho kikiamka dakika moja tu katika kila dakika kumi, na tukiuhesabu umeme wa usingizi kuwa si kitu, betri ile ile hudumu saa 1,000. Na njia ya Armstrong ya mwaka 1922, ya kuiacha valvu na kuizima maelfu ya mara, bado hutumika katika vipokezi vya bei ndogo vya kufungulia milango ya magari, kwa sababu hupata mengi kwa umeme kidogo.

Hapa kwetu FM ilienea baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuwafungulia mlango watu binafsi, na leo hata Rungwe ina redio yake, Chai FM. Wazazi wanaolalamika kwamba FM hupotea mabondeni wajue kwamba mawimbi haya huenda karibu moja kwa moja kama mwanga, na mlima ukisimama katikati huyakinga. Mawimbi mafupi ya zamani hurudishwa chini na tabaka za juu angani, ndiyo maana yalitufikia kutoka mbali. Kila njia ina faida yake na hasara yake.

Sasa niseme nionavyo mimi. Naamini Armstrong alifanya haki kukataa ile milioni ya mwaka 1940, kwa kuwa alikuwa amewapa wengine ahadi. Lakini mwaka 1953 kesi haikuwa tena juu ya ahadi, ilikuwa imekuwa nyumba anayoishi ndani yake, na ikamwondolea mke, usingizi na matumaini. Wahenga walisema hasira hasara. Mkewe alidai haki ile ile kwa utulivu, akaipata yote. Kwa hiyo, vijana, mkibuni jambo, liandikeni, litieni tarehe, na mtafute shahidi. Mkidhulumiwa, daini. Lakini mzigo ukiwaelemea, msijifungie peke yenu chumbani. Mwendeeni mwalimu, mzazi, au rafiki, mapema, kabla ya usiku kuwa mrefu. Mlango wangu u wazi, na najua walimu wenzangu watasema vivyo hivyo.